Bibi mwenye macho mekundu ni wa jumuiya yetu

Ukimuuliza mtu yeyote huku Usukumani ni nani anayeua vikongwe, atakutajia mganga mpiga ramli, kisha vijana wa kukodiwa wanaokuja usiku na mapanga kutoka kijiji kisichojulikana. Hajakosea. Lakini nimekuwa kiongozi wa WAWATA, Wanawake Wakatoliki Tanzania, kwa miaka mingi katika parokia moja ya Wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, na ninachosema nimekisikia kwa masikio yangu nikiwa nimekaa mkekani na wenzangu. Kabla ya mganga kuna maneno. Maneno hayo tunayasema sisi wanawake, tena tukiwa na vitenge vya kanisa kiunoni.

Kwa msomaji ambaye hajaishi huku, nieleze kidogo. Mwanamke akizeeka, mume akafa, watoto wakaenda Mwanza au Geita kutafuta maisha, anabaki peke yake na kijumba chake na shamba. Macho yake ni mekundu. Watu husema huo ndio mwonekano wa mchawi. Ukiingia jikoni kwake utaona sababu mwenyewe: mafiga matatu katika chumba kisicho na dirisha, na anachopikia si kuni, maana miti huku ilifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kufukuza mbung'o, na iliyobaki ikapisha pamba. Anapikia mabua ya mahindi, vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wa namna hiyo, miaka hamsini, mara tatu kwa siku. Ongeza ugonjwa wa vikope ambao hakuutibu. Ungekuwa wewe, macho yangekuwa meupe?

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliwahi kukadiria kwamba kati ya mwaka 2005 na 2011 watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake wazee, na mikoa ya kanda hii ya ziwa ndiyo iliyotajwa zaidi. Wazee wetu wanasema zamani haikuwa hivi. Wapo wanaoilaumu Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, ilipowakusanya watu waliokuwa wakiishi mbalimbali wakabanana mlango kwa mlango, mtoto wa huyu akiugua macho yanamgeukia wa jirani. Wapo wanaokumbuka sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, wa miaka ya 1980, walioanza kwa kuwasaka wezi wa ng'ombe na kuishia kuwasaka vibibi. Mimi sina ugomvi na maelezo hayo. Ila sitaki yatumike kutupunguzia sisi tulio hai mzigo wetu.

Twende msibani, maana ndipo penye kazi.

Mtoto wa miaka miwili alikuwa amefariki alfajiri. Wanaume wamekaa nje chini ya mwembe, wanawake tumejaa ndani, mama mzazi amelala kifudifudi katikati yetu. Wifi yake akasema, kwa ile sauti ya chini ambayo kila mtu huisikia: "Mtoto juzi kacheza hapa, leo hayupo. Huu ni mkono wa mtu." Hakuna aliyejibu. Macho tu ndiyo yaliyotembea hadi mlangoni, alikokaa bibi wa nyumba ya pili, mjane, akichambua mchele wa waombolezaji. Naye aliyaona. Vidole vyake vikasimama juu ya ungo.

Mwenzetu mmoja, muuguzi mstaafu, akauliza kama mtu anayeuliza habari za kawaida, "Mlimpeleka zahanati? Hebu nione kadi yake." Kadi ikatolewa chini ya godoro. Imeandikwa malaria kali, na chini yake rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya. Hawakwenda. Baba alikuwa anatafuta hela ya bodaboda, na mpaka anaipata, mtoto keshakata roho. Muuguzi yule akamwinua mama mzazi akamwegemeza kifuani, ndipo akasema ili wote wasikie: "Mtoto wetu ameuawa na malaria na umaskini wa nauli. Mama yake hana kosa, na hakuna mtu wa kutafutwa."

Angalieni alivyoanza kumkumbatia mama kabla ya kusema. Swali la kadi lina makali kuwili. Ukiliuliza vibaya, lawama inahama kwa bibi inatua kwa mzazi aliyefiwa, nawe umetibu kidonda kwa kuchokonoa kingine. Tangu siku ile tulikubaliana kwamba kila jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, iwe na akina mama wawili wa kuwahi msibani, na wakae mkekani na wafiwa, wasikae na viongozi kwenye viti. Kazi yao ni kupika, kubembeleza, na kusikiliza nani ametamka nini. Wifi akisema "mkono wa mtu" saa nne asubuhi, bado ni uchungu wa msiba. Akiachwa mpaka matanga yaishe, wanaume wa ukoo wanachanga hela ya kwenda kwa mganga. Huko atapigiwa ramli chonganishi, ataelezwa mtu "mweusi, mfupi, anaishi upande wa jua linapozama", na kila mmoja atajaza jina alilokwenda nalo kichwani.

Kazi nyingine ilikuwa ndani ya kanisa lenyewe, na ndiyo iliyotutoa jasho.

Kwenye semina moja tuliyoandaa baada ya Misa, mzee mmoja aliyeheshimika sana alisimama na Biblia yake, akasoma Kutoka 22:18, "Usimwache mwanamke mchawi kuishi." Akafunga kitabu, akakaa. Ukumbi ukawa kimya, na kile kimya hakikuwa cha kupinga. Mama mmoja, muuza dagaa, mwenye elimu ya darasa la saba kama mimi, akanyoosha mkono. "Shikamoo babu. Naomba tuendelee kusoma pale pale." Akasoma mstari wa 22, usimtese mjane ye yote wala mtoto aliyefiwa na baba yake. Akaendelea hadi wa 25, unaokataza kumtoza riba maskini unayemkopesha. Halafu akasema kwa adabu zote, "Sasa babu, sisi kikundini tunakurudishia elfu kumi na mbili kwa kila elfu kumi. Tuanze na mstari upi?"

Watu walicheka mpaka mzee naye akacheka. Nimesikia wahubiri wenye shahada wakilifafanua fungu lile kwa historia ya Israeli ya kale, na ni vizuri, lakini sijaona lililofanya kazi kama lile swali la riba. Ukurasa unaofuata, sura ya 23 mstari wa kwanza, unakataza kuvumisha habari za uongo. Yule mama aliuweka akiba. Aliutumia wiki nyingine.

Ushuhuda ulikuwa mgumu zaidi. Katika vikundi vya sala watu husimama kumshukuru Mungu kwa kupona, na hilo ni jema. Ila mtu anasema, "Niliteseka miaka miwili, kumbe alikuwa shangazi yangu, Bwana akanifunulia." Anataja na kijiji. Nje ya kanisa letu hali ni mbaya kuliko hapo, kwani wapo wanaojiita manabii wenye vipaza sauti, wanaomwambia mgonjwa mbele ya umati kwamba adui yake ni mwanamke mzee wa nyumbani kwao. Hiyo ni ramli. Kukosekana kwa kibuyu hakuibadilishi. Tulimwendea paroko na ombi dogo tu, kwamba itangazwe madhabahuni kuwa anayetoa ushuhuda amshukuru Mungu kwa kupona, asitaje mtu. Alitangaza. Baadhi ya wanakarismatiki, ndio wa vikundi hivyo vya sala, walitununia miezi kadhaa, wakasema tunamfunga Roho Mtakatifu mdomo. Mmoja akaniuliza waziwazi, "Mama Mwenyekiti, kwani wewe huamini uchawi upo?"

Hapo ndipo wengi wanaotoka mjini na miradi yao huangukia. Wanafika, wanawaambia watu uchawi haupo, wanakijiji wanaitikia "ndiyo" kwa heshima, gari likiondoka mambo ni yale yale. Sisi hatukubishana juu ya hilo kabisa. Nilimjibu, "Tuseme upo. Ni nani aliyekupa wewe panga?" Na sheria iko upande wetu kwa namna ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa mwaka 1928, ina kasoro zake nyingi, lakini inafanya kumtuhumu mtu kuwa ni mchawi kuwa kosa. Nimeona mwanamume mwenye sauti kubwa akipoa ghafla alipoambiwa kwamba anaweza kushtakiwa kwa maneno yake kabla hajamgusa mtu.

Mwanzoni tulikuwa Wakatoliki peke yetu. Hilo lilikuwa na mipaka, maana bibi aliyetishwa anaweza kuwa wa AIC, Kanisa la Africa Inland, ambao huku ni wengi, au Mwislamu wa pale senta, au asiyekanyaga nyumba yoyote ya ibada. Aliyetufungulia mlango kwa Waislamu ni mama mmoja muuza vitumbua, aliyekuja kwenye mkutano wetu bila kualikwa, akasema ametumwa na wenzake wa madrasa ya akina mama. Alileta aya mbili, akazisema kwa Kiswahili. Ya kwanza ni ya Sura ya 49, inayowataka waumini wajiepushe na dhana nyingi kwa sababu baadhi ya dhana ni dhambi. Ya pili ni ile ya Sura ya 17, ya mzazi aliyefikia uzee, kwamba usimwambie hata "Ah!" Nikasema moyoni, huyu keshamaliza semina yetu ya siku tatu. Wale wa AIC walikuja na kwaya, na nitaeleza kwaya ilivyotufaa.

Jiko banifu ni mchango ambao hauhitaji maneno mengi ingawa ndio unaowapendeza wageni. Udongo wa kichuguu, majivu, nyasi zilizokatwakatwa, maji, na bomba la kutolea moshi ukutani. Wilaya ya Magu walikuwa wamelitumia kwa wazee kabla yetu. Akina mama wanne wanajenga moja kwa siku, linakauka wiki mbili. Macho ya bibi hayarudi kuwa meupe kwa sababu ya jiko, lakini kule kuonekana wanawake wenye sare wakikanyaga udongo nyumbani kwake kutwa nzima kunatangaza jambo kijijini kote: huyu ana watu.

Shamba ndilo linaloeleza mengi. Nikikaa na kuwapanga kichwani wanawake waliotishwa ninaowafahamu, karibu wote walikuwa wajane wenye ardhi ambayo mtu fulani anaitaka. Mwana wa kambo, shemeji, wakati mwingine, Mungu atusamehe, mtoto wa kumzaa. Mama amekataa kuuza, au amekataa kugawa kabla hajafa. Mtoto wa jirani akiugua mwaka huo huo, kisingizio kimepatikana. Kwa hiyo tukaanza kwenda na bibi zetu kwa mtendaji wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume kwenye ardhi ya kijiji, na pale ambapo upimaji umefanyika anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina lake. Bibi akishaandika pia wosia, shamba litakwenda kwa nani linajulikana, na anayemwua hapati kitu. Mwanasheria aliyetusaidia alishangaa kwamba kikundi cha kanisa kinauliza habari za hati kuliko habari za dhambi. Nilimwambia dhambi tunaijua, hati ndiyo hatuijui.

Sasa nieleze habari za barua moja ya vitisho. Bibi mmoja alinijia jioni, akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameikuta imechomekwa mlangoni na hajui kusoma. "Wangaluka mayu," akanisalimu, salamu ya asubuhi, na jua lilikuwa linazama. Ndipo nikajua amechanganyikiwa. Nilisoma kimya kwanza. Iliandikwa kwa kalamu nyekundu: ahame kabla ya mwezi kuisha, na asipohama asimlaumu mtu. Nilimweleza yaliyomo yote. Nadhani mtu mzima ana haki ya kujua kinachosemwa juu ya maisha yake, hata kama ni cha kutisha.

Kituo kimoja cha polisi kilitupokea kwa swali, "Barua haina jina, tumkamate nani?" Tulikaa kwenye benchi mpaka tukapewa RB, ile namba ya taarifa iliyoandikwa polisi. Kumbukumbu hiyo ina maana, kwa sababu likitokea jambo, hakuna atakayesema hakujua. Ndugu zake walitaka kumhamishia kwa binti yake mjini usiku ule ule. Tulilipima sana suala hilo. Yapo mazingira ambapo mtu anapaswa kuondoka saa hiyo hiyo, na tumewahi kumtorosha mmoja kwa pikipiki akiwa amefunikwa shuka. Lakini huyu alisema mwenyewe, "Nikiondoka, wamepata walichokitaka." Mwandishi wa barua alitaka nyumba iwe tupu.

Basi tukaijaza. Akina mama wawili walilala naye kwa zamu, vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wakiota moto nje na tochi zao. Kwaya ya AIC ikahamishia mazoezi yake uani kwa bibi, na wale watu wakianza kuimba hawana habari na saa. Mama wa vitumbua na wenzake walikuja Alhamisi, wakasoma dua. Majirani waliokuwa wamekoma kumsalimia wakaanza kusogea, kwanza kwa sababu ya nyimbo, halafu kwa sababu ya chai na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye alikuwa akituambia kila siku ana dharura, naye akapata nafasi. Mwezi ukaisha. Yule bibi aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akafa kwa presha, akazikwa mchana na watu wengi.

Si wote. Mwingine, wa kijiji cha ng'ambo ya mto, hakuwa katika kikundi chochote wala dini yoyote, na habari zake tulizipata baada ya kuuawa, akiwa anakula chakula cha usiku na mjukuu wake wa kike. Sitaeleza zaidi kuhusu usiku ule. Mtoto yule sasa ni msichana mkubwa na anaweza kusoma.

Nina neno moja la kinyongo, nalo nililiandika pia kwenye taarifa ya parokia. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoanza kutangazwa kwa wingi tangu mwaka 2007, dunia nzima ilitetemeka, na ilistahili kutetemeka. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Magari yalijaa kanda ya ziwa. Bibi zetu walikuwa wakiuawa kabla ya hapo, waliuawa wakati huo, na ramli zilizowaua zilitoka kwa waganga wa aina ile ile. Hakuna kamera iliyowafuata. Mzee hapigwi picha nzuri ya bango. Wanawake wenye watoto wenye ualbino ndio walioelewa hili haraka kuliko wote, na baadhi yao ndio wanaofanya kazi na sisi mpaka leo, kwa sababu wanajua jinsi kijiji kinavyomtazama mtu ambaye kimekwisha kumtenga moyoni.

Kesi ya yule aliyeuawa ilichukua miaka. Washtakiwa walifikishwa mahakamani, tukawa tunasikia "upelelezi haujakamilika", tunarudi. Kesi za mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na kwa mtu wa kijijini kwenda kutoa ushahidi Mwanza ni safari, ni chakula, ni siku ya kulima iliyopotea, na ni kurudi kulala jirani na ndugu wa mshtakiwa. Shahidi muhimu, jirani aliyemtambua mmoja kwa sauti, alikwenda mara ya kwanza. Mara ya pili hakuonekana. Tulipomfuata nyumbani alisema hana hela, na mkewe akaongeza, bila kutuangalia, kwamba pia hawana nyumba nyingine ya kuhamia.

Tulikwenda naye mara ya tatu, akina mama sita kwenye basi moja, yeye katikati yetu. Nauli tuliitoa katika mfuko wa kufa na kuzikana. Kulikuwa na ugomvi mkubwa, kwa sababu katiba ya mfuko inasema fedha ni za sanda, jeneza na chakula cha msiba, na mweka hazina ana haki ya kusema hivyo. Mkutano mkuu uliofuata ulipiga kura tuongeze kifungu cha nauli ya mashahidi. Kilipita. Kila mwaka kinaletwa tena mezani, kila mwaka wapo wanaotaka kifutwe, na mwaka huu kimebaki kwa kura chache sana. Mweka hazina bado anapiga kura ya hapana, kisha Jumatatu anatuhesabia hela ya basi.